Kwa nini wenyeji hawakuokoa mavuno ya 2020

Katika kazi yangu ya uchumi wa kilimo, kuna swali ninaloulizwa sana tangu mwaka 2020: korona ilipofunga mipaka ya Ulaya, vibarua wa kigeni wanaovuna huko wakashindwa kuingia na mamilioni ya wenyeji wakabaki nyumbani bila kazi, kwa nini wenyeji hao hawakwenda kuvuna? Wengi hujijibu haraka kwamba wenyeji ni wavivu, hawataki kuinama. Mimi silikubali jibu hilo. Tatizo limo kwenye jinsi mashamba yenyewe yalivyopangwa.

Ngano haikutikisika; mashine moja na dereva wake humaliza shamba kubwa. Walioumia ni wakulima wa mazao yanayovunwa kwa mkono. Chukua asparaga nyeupe, mboga ya machipukizi ambayo Wajerumani huipenda kupita kiasi. Chipukizi lake hukua ndani ya tuta lililofunikwa nailoni ili lisipigwe na jua likabadilika rangi. Mvunaji hufunua nailoni, akatafuta ufa mdogo juu ya udongo, akafukua kwa vidole bila kuvunja chipukizi jirani, akazamisha kisu kirefu na kukata, kisha akaliziba shimo na kufunika tena. Siku za joto chipukizi hurefuka sentimita kadhaa kwa siku, kwa hiyo tuta lilelile hupitiwa kila siku, hadi msimu ufungwe karibu na tarehe 24 Juni ili mmea upumzike. Stroberi nayo ikishachumwa haiivi tena. Mchumaji ndiye anayeamua papo hapo kama limeiva, na lazima akate kikonyo bila kuliminya tunda. Kwenye karatasi za serikali kazi hii huhesabiwa kuwa haihitaji ujuzi. Aliyeandika hivyo nadhani hajawahi kuifanya hata asubuhi moja.

Kwa mazao ya namna hii, mkulima anamhitaji mtu anayelala shambani. Mvua ikinyesha alfajiri, kazi huanza mchana. Joto likipanda, mapumziko ya wikendi hayapo. Ujira mara nyingi hufuata kiasi ulichovuna, na pale ambapo sheria inaweka kima cha chini, asiye mwepesi humtia mkulima hasara. Kibarua kutoka Romania aliyekuja kwa miezi mitatu, watoto amewaacha kwa bibi yao, anaimudu ratiba hiyo. Mhudumu wa mgahawa wa mjini anayelipa kodi ya nyumba, na ambaye huenda akaitwa kazini wiki ijayo, haimudu. Ndiyo maana kampeni ya Uingereza iliyoitwa Pick for Britain ilivuma sana mwaka 2020, hata Mwanamfalme Charles akaipigia debe, lakini mwaka uliofuata haikurudiwa.

Ujerumani ilizinduka mapema zaidi. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa ikitumia takribani vibarua 300,000 wa msimu kwa mwaka. Tarehe 25 Machi 2020 iliwazuia kuingia. Mwanzoni mwa Aprili ikalegeza kamba, ikaruhusu hadi 40,000 mwezi huo na wengine 40,000 mwezi Mei, mradi waje kwa ndege. Wakasongamana kwenye uwanja wa ndege wa Cluj, Romania, wakati Waromania wenzao wamezuiwa kutoka majumbani. Wakifika, kwa siku 14 walitakiwa kuishi na kufanya kazi kando na wengine. Yaani karantini, ila mtu yuko shambani anavuna! Mwaka huohuo muda ambao kibarua wa msimu anaweza kuajiriwa bila michango ya hifadhi ya jamii uliongezwa kutoka siku 70 hadi 115. Katikati ya janga la afya, hilo bado linanikera.

Mpangilio uleule unaomfanya kibarua aimudu ratiba ndio uliompa virusi njia: chumba kimoja watu kadhaa, jiko moja, bafu moja, basi dogo moja la kwenda matutani. Mwezi Julai, kwenye shamba moja la Mamming, jimbo la Bavaria, Ujerumani, watu 174 kati ya takribani 480 walikutwa na maambukizi. Nchini Kanada, baada ya vibarua wa Mexico kufariki huko Ontario, Mexico ilisitisha kwa muda kuwapeleka wengine mwezi Juni. Kanada kuna tatizo la ziada: kibali cha wengi wao kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Anayehisi homa anajua kwamba akifukuzwa huenda akarudishwa kwao, kwa hiyo ananyamaza na kuingia kazini.

Mtu akiniletea mpango wa kulinda mavuno dhidi ya janga lijalo, natazama kwanza vitanda ni vingapi kwa chumba, nani analipa siku za ugonjwa, na kama kibarua anaweza kuhama mwajiri. Vyumba vya watu wawili ni ghali, na mkulima anayeuzia maduka makubwa hana sauti kubwa kwenye bei. Akijenga peke yake, jirani yake asiyejenga atauza kwa bei ya chini na kumnyang'anya soko. Kwa sababu hiyo sitegemei hiari ya wakulima; kiwango cha makazi kiwekwe na sheria, tena kwa mashamba yote kwa wakati mmoja.