Wazee wa Ureno wasiojua kusoma: nani aliwafundisha, nani alikufa

Sensa ya Ureno ya 1970 ilikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 10 na kuendelea, karibu 26 hawakujua kusoma wala kuandika. Ile ya 2021 ilikuta karibu 3 tu katika kila 100. Tarakimu hizi mbili huwekwa pamoja mara kwa mara kama ushahidi kwamba Wareno walisomeshwa. Mimi ni mtu wa takwimu za idadi ya watu, na kila nikiona hesabu hiyo inasifiwa hivyo, huwa nahuzunika, kwa sababu sehemu kubwa ya upungufu huo imeletwa na vifo.

Tumfikirie msichana aliyezaliwa 1936 katika kijiji cha Alentejo, eneo la kusini lenye mashamba makubwa ya ngano na mizeituni yaliyomilikiwa na wachache. Mwaka 1943 alitakiwa kuanza shule. Hakwenda, alilea wadogo zake, kisha akaingia kwenye vibarua. Sensa ya 1970 ilimhesabu akiwa na miaka 34, ya 2001 akiwa na 65, ya 2021 akiwa na 85, kama bado yu hai. Katika sensa zote hizo jibu lake ni lilelile. Siku akifariki, kiwango cha taifa kinashuka kidogo, na hakuna mwalimu aliyeshika chaki.

Ndiyo maana kiwango cha kusoma cha wazee ni taarifa ya shule za miaka 60 au 70 iliyopita. Ukitaka kujua kama watu wazima walifundishwa kweli, usilinganishe wazee wa 1991 na wazee wa 2001, maana hao ni watu tofauti. Wafuate walewale: waliokuwa na miaka 45 hadi 54 katika sensa moja, uwatazame tena wakiwa na 55 hadi 64 katika inayofuata. Sehemu ya wasiojua kusoma ikibaki palepale, hakuna kisomo kilichowafikia. Ikishuka, bado usikimbilie kushangilia. Wasiosoma mara nyingi ndio maskini zaidi na hufa mapema zaidi, hivyo kundi linaweza kuonekana limesoma kwa kuwa tu limewapoteza wanyonge wake.

Kwa nini Ureno, nchi ya Ulaya Magharibi, ilikuwa na watu wengi namna hiyo? Utawala wa Salazar, dikteta aliyeitawala Ureno kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1930, hauwezi kukwepa swali hili. Jamhuri iliyotangulia ilikuwa imeweka elimu ya lazima ya miaka 5, ijapokuwa kwenye karatasi zaidi kuliko vijijini. Kufikia 1930 ilikuwa imepunguzwa hadi miaka 3. Kulikuwa na wasomi waliodai hadharani kwamba mkulima hahitaji kusoma, kwamba herufi zitamharibu. Vijiji vingi vilipewa vituo vya kufundishia badala ya shule, vikisimamiwa na wanawake waliolipwa kidogo na ambao wenyewe hawakupata mafunzo ya ualimu. Mwaka 1952 serikali ilianzisha kampeni ya elimu ya watu wazima, lakini ililenga walio kati ya miaka 14 na 35. Aliyekuwa na miaka 40 aliachwa, na ndiye aliyekuja kuwa mzee wa sensa za miaka ya 1970 na 1980.

Miaka 4 ya lazima iliwekwa 1956 kwa wavulana. Wasichana walisubiri hadi 1960. Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu ukifungua jedwali lolote la wazee wa Ureno na kuligawa kwa jinsia, utaona wanawake ndio wengi miongoni mwa wasiojua kusoma. Pengo hilo lilianza nyumbani, pale binti alipobakizwa kusaidia kazi, na sheria ikaja kulipa baraka.

Dola hiyohiyo ilikuwa ikipigana vita Msumbiji kuanzia 1964, ng'ambo ya mto Ruvuma kutoka Mtwara. Askari wake vijana walituma barua nyumbani, na akina mama wengi vijijini walihitaji jirani wa kuwasomea habari za watoto wao.

Mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, yaliyouangusha utawala huo, yalifungua mlango. Wanafunzi walikwenda vijijini kufundisha, na uchaguzi wa mwaka uliofuata uliwapa haki ya kura hata wasiosoma. Karatasi za kura zilikuwa na alama za vyama, na zaidi ya asilimia 91 ya walioandikishwa walijitokeza. Mwaka 1979 ilipitishwa sheria ya kisomo cha watu wazima. Nayaheshimu mno hayo yote. Ila nguvu kubwa ilielekezwa kwa watoto, na matunda yake ni kwamba Mreno aliyezaliwa baada ya hapo asiyejua kusoma ni nadra.

Wazee walibaki wakihesabiwa: zaidi ya 800,000 wasiojua kusoma wenye miaka 10 na zaidi mwaka 2001, karibu 500,000 mwaka 2011, kama 293,000 mwaka 2021, wengi wao wakongwe. Tena sensa huuliza tu kama mtu anajua kusoma na kuandika, na pengine anayejibu ni mwanawe. Utafiti wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, unaopima stadi za watu wazima kwa majaribio huishia miaka 65, kwa hiyo hauwagusi.

Mwenye miaka 80 mwaka 2031 atakuwa amezaliwa 1951 na kuanza shule karibu 1958: mvulana tayari ana sheria ya miaka 4, dada yake bado. Natarajia kiwango cha jumla kitakuwa kimeshuka tena. Wakitangaza, nitakwenda moja kwa moja kwenye safu ya wanawake wa miaka 80 na zaidi, na nitauliza wangapi kati yao waliwahi kupelekewa mwalimu tangu 2021, maana mtu wa miaka 70 anaweza kujifunza, na ngumbaru wengi duniani wamelithibitisha hilo.