Kukimbia milima ya Usambara: pima mwinuko kabla ya kilomita

Vikundi vya joging vya Tanga mjini vinapotupigia simu sisi tunaoshughulika na misitu, kabla ya kupanda Lushoto au Amani, swali la kwanza huwa ni kilomita. Irente ni mbali kiasi gani? Kutoka Lushoto mjini hadi pale kwenye mwamba unapoitazama Mazinde kwa chini ni kama kilomita 6 hivi. Mtu aliyezoea Raskazone, lami tambarare na upepo wa bahari, akisikia hivyo anapiga hesabu ya kwenda na kurudi, anaona ni saa 1 na dakika chache, anaondoka na nusu lita ya maji. Jibu tulilompa ni sahihi, ila halimtoshi. Angepaswa kuuliza pia: ninapandisha mita ngapi, na jua litakuwa wapi nitakapogeuza?

Ipo kanuni ya zamani inayosaidia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipendekeza hesabu ambayo kwa vipimo vya leo inasema hivi: mtembea kwa miguu ajiwekee saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha aongeze saa 1 kwa kila mita 600 anazopandisha. Mkimbiaji anakwenda kasi zaidi, lakini uwiano ule bado unamfaa: kila mita 100 za kupandisha zinamla muda sawa na mita 800 hivi za tambarare. Chukua barabara ya kutoka geti la Zigi, la kuingilia hifadhi ya Amani, kwenda Amani yenyewe. Ni kama kilomita 9. Zigi iko karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani karibu mita 900, kwa hiyo mita 450 za kupandisha zinaongeza kama kilomita 3 na nusu kwenye hesabu. Jiandae kwa kilomita 12 hadi 13, na hapo ndiyo kwanza umefika juu.

Anayeanza ningemshauri aanzie huko Amani, upande wa mashariki. Barabara ni pana, huwezi kupotea, na ukichoka unatembea bila hasara yoyote. Juu kuna njia za miguu zinazopita kwenye mashamba ya chai ya Derema na msitu wa Kwamkoro, na kilima cha Mbomole kwa anayetaka mandhari. Magharibi, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, mambo ni mengine. Milima inazidi mita 2,200, njia ni nyembamba, mizizi imelala juu ya ardhi, na ukungu unaweza kushuka wakati wowote ukafunika njia panda uliyoipita asubuhi. Huko nenda na mwongozaji wa Lushoto anayeijua njia, hata kama una simu yenye ramani. Safari ya Lushoto hadi kijiji cha Mtae, ambayo watembeaji huigawa kwa siku 3 au 4, haifai kuifanya jaribio lako la kwanza la kukimbia.

Wengi huuliza kuhusu hewa nyepesi. Kwa kimo cha Usambara utahema zaidi kuliko pwani, na mapigo ya moyo yatakwenda juu kwa mwendo uleule uliozoea. Punguza kasi, basi. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Baridi ndiyo ya kuhofia zaidi. Joto hupungua kwa karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mtu aliyetoka Tanga kwenye nyuzi 30 akafika juu ya Magamba anakutana na nyuzi 16 au 17, na fulana yake imelowa jasho. Akiteguka mguu akalazimika kukaa chini nusu saa akingoja msaada, ataanza kutetemeka. Koti jepesi la mvua ndani ya begi linatosha kuzuia hilo. Tafadhali msiliache garini.

Sasa mteremko, ambao kwa maoni yangu ndio unaoumiza watu wa pwani kuliko kitu kingine chochote. Kupanda kunakuchosha moyo na mapafu, na ukisimama unapata nafuu. Kushuka kunakula misuli ya mbele ya paja. Kila hatua msuli ule unarefuka huku umekaza ili uushike mwili usiporomoke, na kukaza kwa namna hiyo ndiko kunakochana nyuzi ndogondogo za ndani. Huhisi kitu siku hiyo. Maumivu yanakuja kesho yake na keshokutwa, ngazi za nyumbani zinakuwa adhabu. Mbaya zaidi, paja lililochoka halizuii tena goti na kifundo cha mguu, na hapo ndipo watu huteguka, mara nyingi kwenye kilomita za mwisho wakiwa wameshaanza kuona mabati ya nyumba.

Mwalimu mzuri wa kushuka utamkuta njiani. Siku ya soko, waangalie akina mama wa Kisambaa wanaoteremka na matenga ya mboga kichwani. Hatua ni fupi fupi, magoti yamelegea kidogo, mguu unatua chini ya kiwiliwili na hautangulizwi mbele, macho yanatazama hatua kadhaa mbele na siyo kidoleni. Mkimbiaji mgeni hufanya kinyume: anaegemea nyuma kwa woga, ananyoosha goti, anatua kwa kisigino. Kwenye ule udongo mwekundu uliolowa, kisigino ndicho kinachoteleza kwanza. Nyumbani Tanga, ambako milima hakuna, fanya mazoezi ya kushuka ngazi taratibu mara mbili kwa wiki, mwezi mzima kabla ya safari. Misuli hujifunza haraka, na mteremko wa pili hauumi kama wa kwanza.

Kuhusu majira, epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia zinapogeuka utelezi mtupu. Juni hadi Septemba ni pakavu zaidi ila baridi ni kali asubuhi. Anzeni saa 12 asubuhi kunapopambazuka. Jua kwetu huzama kama saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia, kwa hiyo jiwekeeni saa ya kugeuza na muiheshimu hata kama kilele mnakiona. Tochi ya kichwani na filimbi havina uzito wowote.

Ombi moja kutoka kwetu tunaoshughulika na misitu: msikate kona. Njia ya mlimani inazunguka kwa sababu, na kila anayeshuka moja kwa moja katikati ya mizunguko anachora mfereji. Mvua inayofuata inapita humo na kuondoka na udongo. Upande wa Amani udongo huo unaishia Mto Zigi, na Zigi ndiyo inayojaza bwawa la Mabayani linaloleta maji Tanga mjini. Kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito ndipo linapoota pia lile ua dogo la urujuani ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, alilipeleka kwao, likapewa jina Saintpaulia mwaka 1893. Leo limejaa madirishani mwa watu Ulaya, lakini kwao ni huku, na soli moja ya kiatu inatosha kulibandua.

Wapo pia wanaotamani kushuka hadi Mkomazi, kwa kuwa kutoka Mtae tambarare zake zinaonekana kama ziko miguuni. Mkomazi ni Hifadhi ya Taifa tangu 2008, ina simba, tembo na faru. Si mahali pa kujikimbilia. Mtu anayekimbia mbele ya simba anamwamsha hamu ya kufukuza. Anayetaka kutembea humo afuate utaratibu wa hifadhi, na askari wake.

Kwa Amani na Magamba, kibali hulipiwa kwenye ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kuingia. Mkifika, andikisheni majina yote, njia mtakayopita na saa mnayotarajia kutoka. Mkibadili njia baada ya hapo, pigeni simu mkiwa bado juu ya kilima, kwa sababu mkishashuka bondeni mtandao hukatika.