Acheni kuisingizia simu

Kazi yangu ni kufunga projekta na spika, kuanzia kumbi za mikutano hapa Mbeya mjini hadi vibanda umiza vya Mwanjelwa na Tukuyu. Kila anayetaka kufungua ukumbi wa sinema huanza na wimbo uleule: "Fundi, siku hizi nani aende sinema? Kila mtu ana simu." Akishamaliza kulalamika anaomba nimfungie mtambo wa bei ya chini kabisa, maana kosa eti si la ukumbi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Simu haijaua sinema. Tazama hesabu za Uingereza, ambako kumbukumbu hizi zinatunzwa vizuri. Mwaka 1946 watu waliingia sinema zaidi ya mara bilioni 1.6. Kufikia 1984 zilibaki milioni 54, na simu ya kutazamia filamu haikuwepo hata kwenye ndoto. Televisheni ilichangia sana, sikatai, ila kumbi zenyewe nazo zilikuwa zimechakaa. Mwaka 1985 likafunguliwa jengo jipya lenye kumbi 10 katika mji wa Milton Keynes, mengine yakafuata, watu wakaanza kurudi. Mwaka 2002 hesabu ilifika kama milioni 176, wakati deki zimejaa majumbani na DVD zimeshaingia. Kama burudani ya nyumbani ndiyo muuaji, hao walirudi kufuata nini? Marekani nako tiketi zilianza kupungua baada ya 2002, ilhali Netflix ilianza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007.

Ushahidi wa hapahapa: siku ya Simba na Yanga, pita Kabwe. Kibanda kimefurika hadi mlangoni, na kila aliyesimama pale ana simu mfukoni. Wangependa skrini ya kiganjani wangebaki kwao wamejifunika blanketi.

Kinachowakimbiza ni chumba. Kwenye sinema inayofuata viwango, weupe wa skrini hupimwa kandela 48 kwa mita ya mraba (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga). Simu ya kawaida inapita hapo mara 10. Mwanga huo mdogo unatosha kabisa, mradi chumba kiwe giza la kweli. Sasa ingia kumbi ninazoitwa kurekebisha: dirisha limezibwa kwa kitenge, kuta zimepakwa rangi ya krimu, na balbu ya mlangoni inamulika turubai. Nyeusi yote imekuwa kijivu, mtu akiingia pangoni humwoni tena. Mwenye ukumbi anaagiza projekta yenye lumeni nyingi zaidi, yaani inayotoa mwanga mwingi zaidi, kuta za krimu zinaurudisha mwanga wote kwenye turubai, tunarudi palepale. Ndoo mbili za rangi nyeusi isiyong'aa zingemsaidia kuliko hiyo projekta, lakini rangi haina boksi la kuonyesha majirani.

Upande wa sauti ndiko kwenye aibu zaidi. Mvua ya Tukuyu ikishuka juu ya mabati yasiyo na dari, mazungumzo yanapotea. Mwenyewe anaongeza sauti, na kwa kuwa sabufa mbili ziko kwenye kona, kinachoongezeka ni mngurumo tu. (Sabufa ni ugonjwa wetu wa kitaifa.) Katika ukumbi uliofungwa sawasawa, maneno hutoka kwenye spika ya katikati iliyo nyuma ya skrini, na skrini hiyo ina vitundu vidogovidogo vya kupitishia sauti. Anza na spika hiyo na dari. Sabufa tutazungumza mwakani.

Visingizio vingine navyo navijua. "Tiketi ni ghali." Aliyetoka na kichwa kinamgonga, bila kusikia mhusika mkuu alisema nini, harudi hata umpe kiingilio bure.

"Weka 3D, zile filamu za kuvaa miwani, watarudi." Miwani ile hukata zaidi ya nusu ya mwanga, nawe mwanga wenyewe ulikuwa huna.

"Nitapakua filamu mpya kwenye flashi, kama wanavyofanya kumbi za Dar." Hawafanyi hivyo. Faili lao huja limefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hufanya kazi kwenye mtambo mmoja, kwa siku zilizopangwa tu. Flashi yako ni kesi ya Cosota, ofisi ya hakimiliki.

"Watu wamekuwa wavivu, wanasubiri itoke mtandaoni." Wanasubiri kwa sababu wameona inatoka upesi. Kabla ya 2020, filamu kubwa Marekani zilikaa kumbini kama miezi 3 kabla ya kupatikana nyumbani. Julai 2020 studio ya Universal na kampuni ya kumbi ya AMC walikubaliana siku 17. Waliofupisha muda ni wenye filamu, mtazamaji amehesabu siku tu.

Na la mwisho, "faida iko kwenye viti." Sehemu kubwa ya pesa ya tiketi, mara nyingi nusu au zaidi, hurudi kwa msambazaji wa filamu; kinacholipa umeme na mishahara ni bisi na soda. Kwa hiyo anayeniletea ramani ambayo kaunta ya bisi imeondolewa ili viti viongezeke, namrudishia ramani yake akaichore upya.