Tafadhali, shikamoo na hojaji isiyopima kitu

Hojaji nyingi za kupima mtazamo wa wageni wanaojifunza Kiswahili huuliza: "Je, unapenda utamaduni wa Waswahili?" Aliyekwisha lipa ada atajibu nini zaidi ya ndiyo? Mimi naweka sentensi kama hii: "Kusalimiana kirefu kabla ya kuuliza bei ya nyanya ni kupoteza muda." Sentensi kumi zinatosha, nusu za kusifu, nusu za kukosoa, kila moja ikipewa alama 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Za kukosoa zigeuze kabla ya kujumlisha: 6 toa alama aliyoweka, ili 5 iwe 1. Ukisahau, mwenye dharau na mwenye heshima watatoka sawa.

Tangu utafiti wa wanasaikolojia Robert Gardner na Wallace Lambert wa mwaka 1959, juu ya wanafunzi wa Kifaransa mjini Montreal, tunajua kuwa kipaji pekee hakitoshi. Hamu ya kuwakaribia wenye lugha nayo ina uzito wake. Kwenye Kiswahili hamu hiyo hujianika mapema, kwenye salamu.

Shikamoo ndiyo inayozua mgogoro. Ukianza na asili yake, "nashika miguu yako", wapo watakaoigomea wakidhani wanadhalilishwa. Asili isubiri. Kwanza waisikie ikitumika: mjukuu kwa bibi, hata bosi kwa mlinzi mzee wa getini. Marahaba inaitikiwa, shughuli zinaendelea.

Anayependa kupita kiasi naye ana lake, ingawa hakuna anayemkosoa. Atampa shikamoo muuza chipsi wa rika lake, kijana wa watu abaki anaona haya. Huyo kapenda picha ya ufukweni, na "hakuna matata" yake, wakati mtaani watu wanasema hamna shida.

Lakini kinachonoga zaidi ni tafadhali. Mwanafunzi hulidai neno hili siku ya kwanza. Asipolisikia dukani, anaamua kwamba wenyeji hawana adabu. Adabu imo kwenye kitenzi. "Nipe maji" inaamrisha, "naomba maji" inaomba, na "naomba unipatie maji" ni laini zaidi. Basi fanyeni igizo la dukani kwa dakika 10, tafadhali ikiwa marufuku. Muuzaji asiposalimiwa, aendelee kupanga sabuni zake kana kwamba hajamwona mtu.