Spidi ipo, mbona simu ya intaneti inakwama?

Swali hili naletewa sana na mawakala wa forodha wa Malaba na Busia, watu wanaoshinda wakizungumza na Mombasa kwa simu za intaneti kupitia ruta ya 4G. Sauti ikianza kukatika-katika, wanapima spidi, wanaona megabiti 20, halafu wananunua bando kubwa zaidi. Inaniuma, maana tangu Julai 2021 data hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na simu ya sauti haihitaji mambo makubwa hivyo. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 simu moja hula kilobiti 80 hivi kwa sekunde kila upande, kwa G.729 ni kama 24 tu.

Kinachoharibu sauti ni pakiti, vile vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti, kuchelewa, tena bila mpangilio. Kwa kawaida pakiti moja hutoka kila milisekunde 20, na ikichelewa mno hutupwa. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inapendekeza safari ya upande mmoja isipite milisekunde 150. Kwa hiyo fungua kompyuta, piga ping (amri inayopima kwa milisekunde safari ya kwenda na kurudi) kwenye seva ya simu yako, iache iendelee, kisha mwambie mwenzako atume video kwa WhatsApp. Namba zilizokuwa 50, 62, 55 zikirukia 800, umempata mwizi: data inayopanda imejaza njia, na sauti imepanga foleni nyuma ya video. Weka kikomo cha kupandisha kwenye ruta, au ipe sauti kipaumbele. Zima pia nakala za picha zinazojituma zenyewe.

Namba zikiwa mbaya hata ofisi ikiwa tupu, angalia mawimbi. Usiamini vijiti vile vya kwenye skrini. Ingia kwenye ukurasa wa ruta usome RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele). RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu, na SINR ikikaribia sifuri simu itasumbua hata vijiti vikijaa. Ndani ya kontena la chuma ruta haina maisha: toa antena nje. Mnara ukielemewa na watu jioni, antena haitasaidia; jaribu laini ya kampuni nyingine.

Sasa kuna tatizo ambalo watu huhangaika nalo miezi: simu inapokelewa, mnaongea vizuri, ikifika karibu sekunde 32 inakatika. Kila mara. Hapo usiguse antena. Katika SIP, lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuanzisha na kukata simu, upande uliopokea hutuma ujumbe wa kukubali, kisha husubiri uthibitisho. Usipoupata huurudia ujumbe wake, na baada ya sekunde 32 hukata. Mara nyingi anayepoteza uthibitisho huo ni SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha anwani ndani ya ujumbe. Kizime. Usipokiona kwenye menyu, hamishia simu kwenye TLS (njia inayoficha ujumbe kwa msimbo), poti 5061. Ruta haiwezi kubadilisha isichoweza kusoma.

Na kama unapiga vizuri lakini ukipigiwa haiiti, tazama anwani ya WAN, ile ambayo ruta hupewa na kampuni ya mtandao. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya nje. Kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia kitu. Seti simu itume ishara fupi kwa seva kila sekunde 25, njia isifungwe.