Kijiji cha pembezoni si lazima kiwe mtoto wa jiji

Wengi wetu tukipita kwenye kijiji kidogo kilichobanwa na jiji, tunaamini jiji ndilo lililokizaa: watu walijaa mjini, wakasogea nje, kijiji kikaota. Ni dhana inayoeleweka, maana leo nyumba zimeungana na mpaka hauonekani.

Lakini mara nyingi kijiji ndicho kilichotangulia, jiji likakifuata. Hampstead, ambayo sasa imo ndani ya London, imetajwa katika sajili ya ardhi ya Uingereza ya mwaka 1086. Greenwich Village ya New York ilikuwa na njia zake kabla ya mpango wa mwaka 1811 kuupanga mji kwa mistari iliyonyooka. Matokeo yake yapo hadi leo: West 4th Street inapinda mpaka inakatana na West 10th Street, barabara ambazo kwa namba zake zingepaswa kwenda sambamba. Kona hiyo ni kumbukumbu ya kijiji, nami naithamini kuliko kibao chochote cha historia.

Vipo kweli vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wa mjini. Riverside, karibu na Chicago, ulichorwa mwaka 1869 kando ya reli.

Kuhakiki si kazi ngumu. Linganisha ramani ya zamani na ya sasa. Njia inayozunguka bila sababu huenda ilifuata kijito au mpaka wa shamba. Soma miaka kwenye makaburi ya kale. Waulize wazee asili ya jina la mahali, kisha pima simulizi zao kwa maandishi, kwa kuwa jina hupata maelezo mapya kila kizazi.