Kuipaka bluu upya bunduki ya zamani hakuiongezei bei, kunaiua

Nimeletewa tena Winchester Model 70, ile bunduki ya kuwindia ya Kimarekani, ya risasi ya .30-06, ya kabla ya 1964, na mwenyewe kaja kifua mbele maana fundi kaipiga msasa, kaipaka upya bluu, ile rangi ya bluu-nyeusi ya kukinga chuma na kutu, mbao imepigwa vanishi mpaka unajiona sura, na bei anayoitaka ni kubwa kuliko ya ile ambayo haijaguswa. Jamani. Hili nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika lote.

Kama bunduki yako ni ya kuwindia tu na wala huna mpango wa kuiuza, ipake rangi unayotaka, ni yako. Lakini mtu anayetoa hela nyingi kwa Model 70 ya zamani hatafuti kitu cha kupigia, vya kupigia vipo dukani vipya. Anatafuta kazi ya kiwanda cha New Haven kama ilivyotoka, chuma kile kile, mbao ile ile, bluu ile ile hata kama imefifia. Ukishapitisha gurudumu la kung'arishia umeiondoa kazi hiyo na hairudi, hata ukimlipa fundi bora kuliko wote. Mara nyingi nusu ya bei inakuwa imeondoka hapo hapo, na kwa modeli adimu inaondoka zaidi ya hapo.

"Lakini hutajua!" Ntajua. Chapa ilisukumwa ndani ya chuma, na chuma kikisukumwa kinainuka kidogo pembeni ya herufi, kwa hiyo pitisha ukucha taratibu juu ya maandishi ya mtutu, kwenye bunduki ambayo haijaguswa mara nyingi unasikia kabisa ile kingo inakwaruza, kwenye iliyosuguliwa ukucha unateleza tu. Angalia matundu ya skurubu, gurudumu huwa linazama kidogo kila likipita juu ya tundu, ule mdomo mkali unalika na tundu linageuka kisosi. Kona za risiva, ule mwili wa chuma ambamo mtutu unafungwa, zilizokuwa kali zimekuwa za duara. Halafu mbao: ya kiwandani imesimama juu ya chuma kidogo, unene wa karatasi hivi, ukipitisha kidole kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma unashuka. Kwenye ile iliyopigwa msasa unapanda. Hiyo peke yake inanitosha, na hapo bado sijaangalia kama vanishi imejaa ndani ya ile mikato midogo ya umbo la almasi ya kushikia.

Raba ya kitako nayo. Model 70 ya kawaida ina inchi 13 na nusu toka triga hadi mwisho wa kitako, mtu anakata mbao avalishe raba ili isimpige bega, kisha miaka baadaye anatafuta bati la chuma la asili alirudishie na anasema "imerudi kama zamani". Imerudi wapi wakati mbao imeshakatwa?

Kuhusu 1964 sirefushi, mwaka huo walibadilisha muundo, ile kucha ndefu ya pembeni ya bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu) inayoishika risasi tangu inatoka kwenye magazini ikaondolewa, na mikato ya mbao badala ya kukatwa ikawa inagandamizwa. Ndiyo maana watu wanazililia za nyuma.

Kinachoniudhi zaidi ni wajuzi nusu. Ukitoa mbao, chini ya mtutu kuna tarakimu mbili za mwaka. Mtu anaona 50, anakwenda kwenye orodha anakuta namba ya risiva ni ya 1951, basi anatangaza mtutu umebadilishwa, mwenye mali anapunjwa bei. Sivyo kiwanda kinavyofanya kazi. Mitutu ilitengenezwa, ikakaa kwenye shubaka, ikachukuliwa zamu yake ilipofika, hakuna aliyekuwa anaoanisha miaka. Mtutu kuutangulia mwili kwa mwaka au miwili naukubali bila maneno. Mtutu ukiwa umetengenezwa miaka mingi baada ya risiva, hapo tuzungumze. Namba ninayoitaka ioane ni ya bolti, imeandikwa chini ya bolti kwa kalamu ya umeme, na iwe sawa na ya risiva. Na lile bati la chini lenye maandishi SUPER GRADE, yaani daraja la juu la Model 70, lisikutoe akili, linafunguliwa kwa bisibisi, kwa hiyo linahama toka bunduki moja kwenda nyingine. Super Grade ni mbao nzima, na shavu lake na ncha nyeusi mbele.

Afrika Mashariki maswali mengi ni ya bunduki za Kiingereza, na sababu ipo. Risasi ya .416 Rigby ilitoka 1911, .375 ya Holland & Holland ikafuata 1912, wote wawili watengeneza bunduki wa London, na Bell, yule mwindaji wa tembo wa Karamoja, alijulikana kwa .275 Rigby ambayo kimsingi ni risasi ya 7x57 ya Mauser wa Ujerumani. Sasa kila Mauser yenye jina la London kwenye mtutu inaitwa Rigby. Jina linachongwa, jamani. Andika namba, waulize wenyewe, Rigby wana leja zao na Holland wana zao, watakwambia iliuzwa lini na ikiwa na nini. Barua hiyo ina uzito kuliko hadithi ya babu aliyewahi kumbebea mzungu bunduki.

Ndani ya mtutu usishangae ukikuta mashimo. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi, chumvi inavuta unyevu, na porini si kila mtu alisafisha kwa maji ya moto jioni. Nje ya mtutu natafuta uchakavu unaokubaliana. Bluu ikiwa imekwisha pale katikati mkono unapobeba, basi na mikato ya mbao iwe imelainika. Chuma kimechoka na mbao bado ina meno makali? Kimojawapo ni mgeni.

Na hapa vitabu vinapita haraka. Wako wenye Rigby walioirudisha London kwa Rigby wenyewe, ikapakwa bluu upya, ikafungwa darubini, na leja pengine inataja na pengine haitaji. Hiyo ni asili? Mimi naiita halali, siiti asili, na bado kila nikifika kwenye kuandika bei nasitasita, leo naelekea huku kesho kule. Vile vile bluu ya kutu, ile ya polepole inayopatikana kwa kuotesha chuma kutu kidogo kidogo, ikipakwa na fundi mwenye mkono juu ya chuma ambacho hakikusuguliwa kwa gurudumu, zipo ambazo siwezi kuapa kwa macho yangu.

Kama unayo, basi, ifute kwa kitambaa na mafuta mepesi. Itoe kwenye ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu na chuma kinaota kutu humo humo ndani. Skurubu usiziguse kama bisibisi haijazi ufa wake sawasawa. Ukitaka nikukadirie, lete picha ya herufi za mtutu kwa karibu na mwanga uje toka ubavuni, matundu ya skurubu, pale mbao inapokutana na chuma, chini ya bolti, na nyuma ya kitako. Ile picha ya mbali ikiwa imeegemezwa kwenye kochi hainisaidii kitu.